"Tikapu" si aina ya mbwa: jibu kwa mfugaji wa Yorkshire

SWALI: Daktari, nafuga Yorkshire Terrier nyumbani hapa Kitengela, majike watatu. Siku hizi wateja wakinipigia hawaulizi tena kama nina Yorkshire, wanauliza kama nina "tikapu", yaani mbwa mdogo wa kutosha kwenye kikombe cha chai. Mtoto wa kawaida namuuza shilingi 40,000. Mwenzangu anaandika tikapu kwenye tangazo na anapata 90,000. Jike wangu mdogo kabisa ana miezi 11 na kilo 1.6, na wiki hii ameingia joto. Jirani ana dume wa kilo 1.4. Je, tikapu ni aina halali ya mbwa? Nikimpandisha huyu, ni makosa kuwaandika watoto wake hivyo? Na atazaa salama?

JIBU: Umeuliza maswali matatu, dada, na la mwisho ndilo lisilosubiri, kwa hiyo nalijibu kwanza. Usimpandishe. Si kwa dume wa kilo 1.4, si kwa dume mwingine yeyote, si joto hili wala lijalo. Mengine nitakayoandika hapa tunaweza kubishana kwa amani, lakini hili sibishani.

Wafugaji wengi hudhani kwamba mdogo akipandwa na mdogo watazaliwa wadogo, na kila kitu kitapita kinapopaswa kupita, kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo. Ukubwa wa mbwa haurithiwi hivyo. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba jeni moja, IGF1, ina mchango mkubwa sana katika udogo wa mbwa wadogo. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba badiliko hilo la udogo ni la kale mno: lilikutwa hata kwa mbwamwitu wa Siberia aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Lakini jike wako wa kilo 1.6 na Yorkshire mwingine wa kilo 3 huenda wote wawili wamebeba badiliko hilohilo. Kinachowatenganisha ni jeni nyingine ndogondogo, lishe waliyopata tumboni na nafasi ya kunyonya, na jeni hizo huchanganywa upya katika kila mimba, kama karata. Mtoto anaweza kuwaruka wazazi wake akamfuata babu.

Na babu wa Yorkshire hakuwa wa kutiwa mfukoni. Mbwa anayehesabiwa kuwa baba wa aina hii yote, Huddersfield Ben, alizaliwa Uingereza mwaka 1865 na kufa 1871, na alikuwa na uzito wa kilo 5 hivi. Wazee wake walikuwa mbwa wa wafumaji na wafanyakazi wa viwandani, kazi yao kuua panya. Damu hiyo bado imo ndani ya kila Yorkshire wa Kitengela, na hakuna dume wa kilo 1.4 anayeweza kukuahidi kwamba haitajitokeza ndani ya tumbo la jike wako.

Sasa fikiria tumbo lenyewe. Jike mdogo hivi hubeba mtoto mmoja au wawili. Mtoto akiwa peke yake hana wa kugombania naye chakula, hivyo hukua akazidi, na mbwa wa aina hizi wana kichwa cha duara kisichosinyaa kama cha binadamu kinapopita nyongani. Mtoto wa Yorkshire wa gramu 150 si jambo la ajabu. Kwa mama wa kilo 1.6 hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Ni kama mwanamke wa kilo 60 kubeba mtoto wa kilo 5 na nusu, kisha aambiwe asukume.

Utaniambia kuna upasuaji. Kweli upo, na nimeufanya mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mbwa ana damu ya mililita 85 hivi kwa kila kilo ya mwili. Zidisha mwenyewe: jike wako ana mililita 140 kasoro, zote, kuanzia masikioni hadi mkiani. Ukizimimina kwenye kikombe cha chai cha nyumbani zitapita nusu kidogo tu. Hicho ndicho kikombe ninachokiona mimi mtu akinitajia tikapu. Pamba tatu za upasuaji zilizolowa damu, ambazo kwa mbwa wa kilo 25 nisingezitazama mara mbili, kwa huyu ni dharura. Akishalazwa usingizi hupoa haraka kwa sababu mwili mdogo unapoteza joto upesi, na mbwa aliyepoa huchelewa kuamka.

Akivuka hapo, bado kuna kunyonyesha. Wanaofuga ng'ombe wa maziwa wanaijua homa ya maziwa, ng'ombe anapoanguka baada ya kuzaa kwa sababu kalsiamu yote imekwenda kwenye chuchu. Majike wadogo wa mbwa hupatwa na kitu cha namna hiyo, mara nyingi katika wiki chache za kwanza za kunyonyesha: anahema, anatembea kwa miguu iliyokakamaa, anatetemeka, kisha degedege. Na usijaribu kuizuia kwa kumpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba. Ukifanya hivyo mwili wake unasahau namna ya kuichota kutoka kwenye mifupa, na unaweza kuileta hatari uliyokuwa unaikimbia.

Kuna jambo la kuchekesha katika kanuni za Uingereza kuhusu Pomeranian, ambao nao ni wadogo. Kanuni inataka dume awe na kilo 1.8 hadi 2, na jike kilo 2 hadi 2.5. Jike mzito kuliko dume! Kwa wanyama wengi tunaowafahamu ni kinyume chake. Ukimuuliza mfugaji mzoefu kwa nini, atakujibu kwa neno moja: kuzaa. Wafugaji wa muda mrefu wa mbwa wadogo humpandisha jike mkubwa kwa dume mdogo kiasi, na yule jike mdogo mrembo wanabaki naye sebuleni, au wanampa mtu baada ya kumfunga kizazi.

Umri nao. Klabu ya mbwa ya Uingereza haisajili watoto wa jike aliyepandishwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wala haisajili watoto zaidi ya mizao minne kwa jike mmoja, wala wa jike aliyekwisha kupasuliwa mara mbili. Jike wako ana miezi 11. Hata angekuwa na kilo 3 ningekwambia subiri.

Haya, tuje kwenye jina.

Tikapu si aina. Hakuna klabu kubwa ya usajili wa mbwa duniani inayoitambua kama aina wala kama daraja la ukubwa ndani ya aina. Ni neno la sokoni, sawa na "spesho" kwenye kibao cha hoteli. Klabu ya Marekani ya wapenzi wa Chihuahua, aina nyingine ya mbwa wadogo, imetahadharisha wanunuzi miaka mingi dhidi ya maneno hayo yote: tikapu, mbwa wa mfukoni, toi mdogo. Wa Shih Tzu nao wana vita vyao na neno "imperial", ambalo linamfanya mbwa mdogo kupita kiasi aonekane wa kifalme.

Yapo majina ya ukubwa yaliyo halali, na ni vizuri uyajue ili uone tofauti. Poodle ana madaraja rasmi. Kwa kanuni za Marekani, toi ni yule asiyezidi inchi 10 begani, yaani sentimita 25 na ushei, mini anafika inchi 15, na anayezidi hapo ni mkubwa. Unachukua rula, unapima, umemaliza. Dachshund, yule mrefu mwenye miguu mifupi, kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa, hupimwa mzunguko wa kifua, kwa sababu mbwa huyu alitengenezwa aingie kwenye mashimo ya wanyama. Kifua kikikwama, yeye na kazi yake wamekwisha. Kipimo hicho huchukuliwa akiwa amekomaa, akitimiza miezi 15. Unaona mwendo wake: kuna kiungo kinachopimwa, kuna namba, kuna umri wa kupima. Tikapu haina hata kimoja. Muuzaji mmoja atakwambia ni chini ya kilo 1.8 akikomaa, mwingine kilo 2, wa tatu atakutumia picha ya mtoto ameketi kando ya kikombe, na kikombe chenyewe hujui ni cha kahawa au ni jagi.

Na hapa ndipo neno hilo linapokuwa la hila hasa. Kanuni ya Yorkshire inasema asizidi kilo 3.2. Ya Chihuahua kwa Marekani ni asizidi kilo 2.7. Kanuni ya Marekani haijaweka sakafu kwa hawa wawili, imeweka dari tu. Kwa hiyo Yorkshire wa kilo 1.8 tayari ni Yorkshire, kamili, hahitaji cheo cha ziada. Anayemlipia mara mbili kwa sababu ya tikapu amelipia neno.

Nisije nikaeleweka kwamba mbwa mdogo ni lazima awe mgonjwa. Katika vita vya pili vya dunia, mwaka 1944, jike mmoja wa Yorkshire aliokotwa kwenye msitu wa New Guinea, akachukuliwa na mwanajeshi wa Marekani aitwaye William Wynne. Wakamwita Smoky. Alikuwa na kilo 1.8 hivi. Huko Ufilipino, kwenye uwanja wa ndege wa Lingayen, alivuta waya wa simu ndani ya bomba lililopita chini ya uwanja, karibu mita 21, kazi ambayo bila yeye ingewalazimu askari kuchimba uwanja wazi kukiwa na hatari ya mabomu. Aliishi hadi 1957. Leo mtu angemwekea lebo ya tikapu na kumbeba kwenye pochi.

Lakini mwaka 1945, huko Blackburn nchini Uingereza, alikufa Yorkshire mwingine aitwaye Sylvia, ambaye kumbukumbu za rekodi zinamtaja kuwa mmoja wa mbwa wadogo kuliko wote waliopata kuwapo: sentimita 7.11 begani, gramu 113. Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Smoky alikuwa mdogo kwa sababu alizaliwa hivyo na mwili wake ulikamilika. Sylvia alikuwa mdogo kiasi kwamba hapakuwa na nafasi ya mwili kukamilika. Wateja wako wanataka Smoky. Ukianza kumpandisha mdogo kwa mdogo kwa mdogo, unaelekea kwa Sylvia.

Sasa nikuambie ninavyoamini wengi wa "tikapu" wanavyopatikana, maana mwenzako anayeuza 90,000 sidhani ana siri ya maabara. Baadhi ni wale wa mwisho katika mzao, waliozaliwa wadogo kwa bahati. Hao huwapo katika kila nyumba ya mfugaji, na hakuna kosa lolote; ukinyoosha mkono ukawalea, wengi hukua wakawafikia ndugu zao. Baadhi hupatikana kwa kupandisha wadogo makusudi, kama ulivyotaka kufanya. Na baadhi, nasikitika kusema, ni watoto wa kawaida kabisa walioibiwa wiki tatu au nne za kunyonya.

Nilimpokea mmoja wa hao usiku, ndani ya kasha la viatu. Kijana aliyemleta alikuwa amemnunua siku ile kupitia simu, akakabidhiwa kwenye maegesho ya magari, "tikapu, wiki 9". Mizani yangu ilisoma gramu 410. Fizi nyeupe kama karatasi, shingo imepinda nyuma, miguu inapiga kasia. Nilipopima sukari, mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba iko chini. Baada ya kumwekea dripu na kumpasha joto, ndipo nilipomfungua mdomo. Meno ya mbele yalikuwapo na machonge yalikuwapo, ila magego ya maziwa hayajatokeza hata moja, na macho bado yalikuwa na ule ubuluu wa uchanga. Kwa mbwa wadogo sana meno huweza kuchelewa kidogo, kwa hiyo siapi, lakini kwa dalili zote pamoja nilimpa wiki 5. Alikuwa ametolewa kwenye chuchu kabla hajajua kula. Alipona. Akakua. Mara ya mwisho nilipompima alikuwa na kilo 3.4, amezidi hata dari ya aina yake, na yule kijana anampenda kuliko gari lake. Ila alilipia tikapu, akapata mbwa wa kawaida aliyekaribia kufa.

Kwa nini sukari? Kwa sababu mtoto wa mbwa wa gramu 600 ana ini dogo lisilo na akiba, na misuli isiyo na akiba, huku ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili na unakula sukari usiku na mchana. Akipitwa na mlo mmoja, au akipata baridi ya Julai ya Nairobi, au akiharisha kwa minyoo, mafuta yameisha kwenye gari. Kila anayenunua kwako mtoto mdogo aambiwe hili kabla ya kutoa pesa: mlo mara nne hadi sita kwa siku hadi avuke miezi mitatu au minne, na mtoto akilegea na kuyumba, apakwe asali kwenye fizi kwa kidole, asinyweshwe kwa nguvu akapaliwa, afunikwe na aletwe kwa daktari palepale. Asali au sukari ya kawaida. Wasitumie kitamu bandia cha wanaopunguza uzito, kwani kuna kimoja kiitwacho zailitoli ambacho kwa mbwa ni sumu na hushusha sukari zaidi.

Matatizo mengine ya udogo nitayataja kwa kasi, kwa sababu nikiyaeleza yote tutalala hapa. Utosi usiofunga, kwa Chihuahua ni jambo linalojulikana, na wakati mwingine huambatana na maji kichwani. Mshipa wa damu unaolipita ini kando badala ya kupita ndani yake, kasoro ambayo Yorkshire na Maltese wanaongoza kwayo. Mtoto hudumaa, na mwenye duka humwita tikapu. Hilo la mwisho lirudie kichwani mwako. Udogo wenyewe unaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Bomba la hewa linalolegea na kufanya kikohozi cha bata. Meno ya maziwa yasiyong'oka, yanabanana na ya ukubwani na kuoza. Pia ya goti inayohama mahali pake; wahenga waliiita kilegesambwa, na kila nikimwona Yorkshire anarukaruka kwa miguu mitatu nasema walijua. Na mifupa ya kigasha, myembamba kama kijiti cha kiberiti, inayovunjika mbwa akiruka kutoka kwenye sofa, tena sehemu ya chini karibu na kiganja ambako damu ni haba na mfupa hukataa kuunga.

Hata dawa ni tabu. Kidonge cha minyoo kilichotengenezwa kwa mbwa wa kilo 10 huwezi kukikata vipande ishirini kwa kisu cha jikoni ukawa na uhakika. Chanjo ni hadithi nyingine: kila mbwa hupata dozi ileile, awe Mastiff au Yorkshire, na isipunguzwe, hasa ya kichaa cha mbwa. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2005, ukihusu mbwa zaidi ya milioni 1.2, ulionyesha kwamba madhara ya muda mfupi baada ya chanjo yaliongezeka kadiri uzito ulivyopungua na kadiri chanjo zilizodungwa siku moja zilivyoongezeka. Ndiyo maana mbwa mdogo namchanja moja leo, nyingine baada ya wiki mbili au tatu. Mwenye mbwa hulalamika nauli ya kurudi. Namwelewa, na bado namwambia arudi.

Basi swali lako la tangazo. Ni makosa kuandika tikapu? Kwa maoni yangu, ndiyo, hata pale mtoto ni mdogo kwelikweli, kwa sababu unaahidi kitu usichoweza kukijua. Mtoto wa wiki 8 hana uzito wa utu uzima, ana makadirio. Mbwa wadogo hufika takriban nusu ya uzito wao wa mwisho wakiwa na wiki 12 hivi, kwa hiyo ukimpima siku hiyo ukazidisha kwa mbili unapata kisio la kuaminika kiasi, na ukifanya hivyo mapema zaidi unacheza bahati nasibu. Mteja aliyeahidiwa tikapu wa kilo 1.5, akaona mbwa anapita kilo 2, wengine hufanya jambo baya ambalo limenifikia mezani zaidi ya mara moja: wanampunguzia chakula ili abaki mdogo. Mbavu nje, manyoya yanapukutika, mwenyewe anajivunia. Neno uliloliandika wewe kwenye simu ndilo lililomnyima mbwa yule ugali wake.

Kisheria pia hauko salama. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu anachokinunua, na ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haisemi lolote kuhusu vikombe lakini inahusu mateso. Wajerumani wamekwenda mbali zaidi: kifungu cha 11b cha sheria yao ya ulinzi wa wanyama kinakataza uzalishaji unaotarajiwa kuleta maumivu na kasoro kwa watoto. Sisi hatujafika huko, na sitegemei tufike kesho. Lakini usisubiri polisi ili uandike tangazo la kweli.

Badala yake andika hivi. Nimekuandalia mfano, badilisha namba tu: "Yorkshire Terrier, jike, amezaliwa tarehe 3 Machi, leo ana wiki 9 na gramu 900. Mama ana kilo 2.9, baba kilo 2.3, mama utamwona hapahapa akiwa na watoto. Nakadiria atakuwa kati ya kilo 2.2 na 3, lakini siahidi. Ametibiwa minyoo mara tatu, amepata chanjo ya kwanza, kadi ina mhuri wa daktari. Hatoki kabla ya wiki 10." Ukimpata aliye mdogo kuliko wenzake, mshikilie hadi wiki 12, mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, nami nimfanyie kipimo cha damu cha kuangalia ini kabla hujamuuza. Kipimo hicho kiingize kwenye bei. Hapo unatoza zaidi kwa kitu kilichofanyika.

Najua utakachosema: wateja wanatafuta kwa neno tikapu, nisipoliandika hawanioni. Hoja hiyo ni ya kweli, nami sina mzaha na mtu anayelipa karo kwa mbwa. Liandike basi, lakini ulitumie kufungua mlango na si kuuzia: "Watu wengi huniuliza tikapu. Hakuna aina hiyo. Nina Yorkshire, na huu ndio uzito wa wazazi wao." Baadhi wataondoka. Wale watakaobaki ndio wasiokupigia saa tisa usiku wakilia, na ndio watakaokuletea dada zao mwaka ujao.

Majike wako wengine wawili hukunitajia uzito. Kama wamevuka kilo 2.5, wana zaidi ya mwaka na nusu na magoti yao yako imara, hao ndio wa kuzungumzia. Niletee niwakague kabla ya joto lao lijalo.

Kuhusu huyu mdogo: joto litachukua wiki tatu, na siku za katikati, baada ya damu kupungua, ndizo za hatari kwa sababu hapo ndipo yeye mwenyewe atakapomtafuta dume. Mfungie ndani. Geti halitoshi, dume wa kilo 1.4 hupenya mahali ambapo paka angesita. Miezi mitatu baada ya joto kwisha tumfunge kizazi, na katika usingizi huohuo nimng'oe meno ya maziwa kama yamebaki, ili asilazwe mara mbili.

Na kama barua yako ilichelewa na jirani alishaleta dume, usifiche, nitumie tarehe. Mimba ni siku 63 hivi. Tutapiga ultrasaundi kwenye siku ya 28. Ikithibitika, kuanzia siku ya 55 tutapiga eksirei kuhesabu vichwa na kuvilinganisha na nyonga, na kama havipiti tutapanga upasuaji wa mchana, watu wakiwapo na damu ya mbwa mwingine ikiwa tayari. Wiki ya mwisho mpime joto kila asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37.2, uchungu uko ndani ya saa 24 hivi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au ukiona uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje. Na ile sindano ya kuongeza uchungu inayouzwa madukani, usimdunge. Mtoto akiwa amekwama, hiyo inapasua mfuko wa uzazi.